Kwenda Wacken na tamaa ya gitaa la bei mbaya: mwongozo kamili kwa mwenye mfuko mdogo

Wakuu, huu mwongozo ni wa mtu anayependa roki na metali, ana kagitaa kake ka kawaida nyumbani au anapanga kununua, na ana ndoto ya siku moja kusimama mbele ya jukwaa la Wacken, lile tamasha la metali la Ujerumani. Nimeunganisha makusudi safari ya tamasha na tamaa ya vifaa, maana havitenganishiki. Mtu anakaa siku nne anapigwa na magitaa kifuani, usiku anarudi kwenye hema, anafungua simu kuangalia bei ya gitaa la Gibson, na taratibu anaanza kuitolea macho hela ya nauli ya kurudi.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tusisumbuane huko mbele: kile kifaa unachokitamani ukiwa mbele ya jukwaa, mara nyingi sicho kilichotoa ile sauti iliyokupagawisha. Nikifika kwenye vifaa nitaeleza kwa nini, kwa sasa tuanze na safari yenyewe.

Kwa wasioijua, Wacken ni kijiji kabisa, mashamba na ng'ombe, kaskazini mwa Ujerumani jimbo la Schleswig-Holstein, wakazi wake kama elfu mbili hivi. Mwaka 1990 vijana wawili wa pale, Thomas Jensen na Holger Hübner, wakaandaa tamasha dogo kwenye shimo la changarawe na bendi chache za Kijerumani. Leo kijiji hichohicho kinapokea watu kama 85,000 kila mwaka mwisho wa Julai au mwanzo wa Agosti, na bendi ya matarumbeta ya zimamoto wa kijiji inapanda jukwaani nayo, na wale wababe wote wenye ndevu wanaicheza kama kawaida. Mwaka 2017 walifukia mabomba ya bia yenye urefu wa kilomita kama 7 chini ya uwanja ili malori yasihangaike kwenye tope. Hao ndio watu unaoenda kukaa nao.

Kwanza hela, na uzigawe kabla hujanunua chochote

Tengeneza mafungu mawili yasiyojuana, la kwanza ni la safari, la pili ni la vifaa. Nasema yasiyojuana kwa maana halisi, akaunti mbili tofauti au moja benki na nyingine kwenye simu, kwa sababu yakikaa pamoja fungu la vifaa litaliwa na bia na fulana, au kinyume chake, fungu la safari litaliwa na pedali (vile viboksi vya kukanyaga vinavyobadili sauti ya gitaa) ukajikuta unashindia mkate.

Tiketi ya 2024 ilikuwa euro 333, ya siku zote na sehemu ya kupiga hema imo humohumo. Juu yake weka ndege, treni, chakula, bima, viza kama unatokea nyumbani, na vitu vya kambi. Chakula ndani ya tamasha ni bei ya tamasha, sahani moja inaweza kukugharimu sawa na chakula cha siku nzima ukinunua supamaketi, kwa hiyo panga mlo mmoja wa kununua kwa siku na mengine ule vyako vya kambini. Malipo ya ndani siku hizi yanapita kwenye chipu iliyo kwenye mkanda wa mkononi, unaijaza hela halafu unagusisha tu. Ni rahisi mno kutumia na hatari yake ndiyo hiyo hiyo, hausikii uchungu. Dawa ni kuijaza kiasi cha siku moja kwa wakati, ikiisha imeisha, kesho ni siku nyingine.

Tiketi inakimbia

Tiketi za mwaka unaofuata zinafunguliwa tamasha la mwaka huu likiisha tu, na kuna miaka zimeisha ndani ya masaa machache. Yaani ukisema utafikiria wikiendi, wikiendi unaweza kukuta hazipo. Fungua akaunti kwenye tovuti rasmi kabla, weka taarifa zako zote, hakikisha kadi yako inakubali malipo ya nje maana benki zetu nyingine zinazuia muamala wa namna hiyo mpaka uwapigie simu. Ukikosa, subiri soko rasmi la kuuziana tiketi ambalo bei haipandi, achana na mtu anayekutumia picha ya tiketi kwa WhatsApp, huyo mtu atakuwa ameshawauzia watu kumi picha hiyohiyo.

Kitu kimoja kizuri, tiketi inatoka karibu mwaka mzima kabla, kwa hiyo una muda wa kudunduliza mengine yote.

Viza, kwa wanaotokea nyumbani

Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mrundi, wote tunahitaji viza ya Schengen. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Maombi unaruhusiwa kupeleka kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasipungue siku 15, ila usikae mpaka hizo siku 15, nafasi za miadi kipindi cha kiangazi zinajaa, fanya Februari au Machi uchukue miadi. Bima ya safari lazima ifunike angalau euro 30,000. Pasipoti iwe na uhai wa miezi mitatu zaidi ya siku unayotoka Ulaya, isizidi miaka kumi tangu itolewe, na iwe na kurasa mbili tupu.

Wanachokitafuta wale wa ubalozini ni jambo moja, kwamba utarudi. Barua ya kazi, ruhusa ya likizo, taarifa ya benki inayoonyesha mshahara unaingia kila mwezi na sio milioni tano zilizoingia jana kwa mkupuo, leseni ya biashara kama una biashara. Kwenye barua yako sema wazi unaenda tamasha, ambatanisha tiketi, eleza ratiba siku kwa siku. Usione aibu kuandika kwamba unaenda kusikiliza metali, ni tamasha kubwa la nchi yao na afisa analijua. Na weka usiku mmoja au miwili ya hoteli Hamburg kabla na baada, maana "nitalala kwenye hema shambani" peke yake haipendezi kwenye fomu.

Mnaoishi Ulaya au Uingereza mshanielewa, rukeni hapa. Ila wa Uingereza mwenye pasipoti ya nyumbani na kibali cha London, viza bado unahitaji, usijisahau.

Kufika

Unashuka Hamburg, unapanda treni ya mkoa mpaka Itzehoe, kama saa moja hivi, halafu basi maalumu la tamasha linakufikisha. Ukiwa na mtu mwenye gari poa, ila kumbuka mwaka 2023. Mvua ilinyesha siku mfululizo kabla ya tamasha, mashamba yakawa uji, magari yakazama mpaka yakavutwa na trekta, na mwisho waandaaji wakafunga kabisa kuingia, walioingia walikuwa kama 50,000 na maelfu waliobaki nje wakarudishiwa hela yao ya tiketi. Hela ya ndege hakuna aliyeirudisha. Kwa hiyo fika mapema, na fuatilia taarifa zao kabla hujaondoka nyumbani na sio ukiwa kwenye treni.

Vya kubeba sitaviorodhesha kama karatasi ya shule, nasema tu vile ambavyo watu wetu wanavisahau. Gambuti, za kufika chini ya goti, usije na raba nyeupe. Koti la mvua, maana mwamvuli mbele ya jukwaa ni ugomvi. Begi la kulalia zuri, kiangazi cha kule usiku kinaweza kushuka mpaka digrii 12 na mtu wa Dar ukilala na shuka moja utaimba nyimbo zote za bendi kwa kutetemeka. Godoro la upepo. Pawabenki mbili. Mifuko ya taka mikubwa ya kufunikia nguo. Na bendera ndogo ya kuweka juu ya hema, kwa sababu saa nane usiku mahema elfu kumi yanafanana yote, na ya Tanzania haichanganyiki na ya mtu mwingine pale.

Kuhusu kuwa mweusi katikati ya bahari ya wazungu wenye fulana nyeusi, nitasema nilivyoona: utaangaliwa, utaombwa picha, utaulizwa kama kwenu kuna metali, na mara nyingi ni udadisi wa mtu mwenye bia mkononi, sio ubaya. Jibu unalo. Waambie Nairobi kuna bendi kama Last Year's Tragedy, na upande wa panki Crystal Axis, waambie Overthrust kutoka Botswana walishapiga hapohapo Wacken 2016 na Arka'n kutoka Togo 2019. Atakayevuka mpaka, walinzi wapo kila kona, usibishane naye.

Masikio kwanza, gitaa baadaye

Hapa sitanii. Usalama wa masikio unahesabiwa hivi: desibeli 85 unaweza kukaa nazo masaa nane, na kila zikipanda desibeli 3 muda unagawanywa kwa mbili. Kwa hiyo kwenye 100 una dakika 15 tu, na kanuni ya Ujerumani ya matamasha inaruhusu wastani wa desibeli 99 kwa nusu saa. Wewe unakaa masaa kumi kwa siku, mara nne. Piga hesabu.

Nunua vizibo vya masikio vya wanamuziki, vile vya mpira vyenye chujio ndani, euro 20 mpaka 30, vinapunguza sauti yote kwa usawa bila kuua zile za juu, kwa hiyo unasikia gitaa vizuri kuliko hata bila vizibo. Vile vya sponji vya bure vinasaidia pia ila mziki unasikika kama upo chumba cha pili. Kati ya vitu vyote vitakavyotajwa kwenye mwongozo huu, hiki ndicho cha kwanza kununua na ndicho cha bei rahisi. Mtu analilia ampu (kikuza sauti cha gitaa) ya milioni tano wakati masikio ya kuisikilizia anayaharibu bure, haiingii akilini.

Mengine ya uwanjani haraka haraka: mtu akianguka kwenye duara la kurukiana, anainuliwa papo hapo na walio karibu, hiyo ni sheria isiyoandikwa na ni nzuri kuliko nyingi zilizoandikwa. Mtu akiletwa juu ya vichwa, mpokee kwa mikono yote na ukilinde kichwa chake. Maji ya bomba yapo ya bure, jaza chupa. Majukwaa makubwa mawili ya kati yamekaa bega kwa bega na bendi zinapokezana, kwa hiyo ukisimama katikati yao hukosi kitu ila hutoki pia, kojoa kabla.

Sasa tamaa. Jinsi ya kuiangalia jukwaani

Hapa ndipo palipo na hela yako. Bendi imepiga, nywele zimesimama, macho yako yapo kwenye gitaa la yule jamaa. Jiulize, unachokisikia kinatoka wapi? Njia yake ni hii: vidole, nyuzi, pikapu za gitaa (visumaku vinavyonasa mtetemo wa nyuzi), pedali, ampu, spika ya ampu, maiki iliyowekwa mbele yake, halafu fundi sauti na meza yake, halafu zile spika kubwa zilizoning'inizwa zenye uwezo wa kusukuma uwanja mzima. Gitaa ni kipande kimoja mwanzoni mwa msururu huo. Besi inayokupiga kifuani sio ya gitaa hata kidogo, ni ya dramu na gitaa besi na spika za chini.

Tena yale makabati ya ampu yaliyopangwa ukuta mzima nyuma, kwa bendi nyingi ni pambo, mengine hayana spika ndani. Sauti inatoka kwenye kiboksi cha kidijitali kilichokaa pembeni: Kemper ya Wajerumani iliyotoka 2011, Axe-Fx ya Fractal, au Quad Cortex ya Wafini. Metallica wenyewe walipokwenda kupiga Antaktika Desemba 2013 walienda na Fractal, na wakaendelea nazo kwenye ziara zao za kawaida. Kwa hiyo kijana anayeota ukuta wa ampu za Marshall kwa sababu aliuona Wacken, anaota mbao.

Fanya hivi uwanjani. Simama karibu na kibanda cha fundi sauti, sio mbele kabisa, hapo ndipo sauti ilipopangwa isikike vizuri. Kila bendi ikikugusa, andika kwenye simu vitu vitatu: jina la bendi, wimbo au sehemu iliyokugusa, na kilichokugusa kwa maneno yako, "gitaa linanguruma kama msumeno", "solo inalia bila kuisha", "nzito lakini kila noti inasikika". Usiandike jina la kifaa. Ukirudi nyumbani ndio utafute bendi ile inatumia nini, wanamuziki wengi wanahojiwa kuhusu vifaa vyao na utapata. Mara nyingi utashangaa.

Mfano wa ule msumeno. Ile sauti ya metali ya kifo (death metal) ya Sweden, ya bendi za kina Entombed na studio ya Sunlight pale Stockholm, haikutoka kwenye gitaa la bei. Ilitoka kwenye pedali ya Boss HM-2 iliyotengenezwa 1983 mpaka 1991, vitufe vyote vimezungushwa mpaka mwisho, na ilikuwa pedali ambayo watu walikuwa wanaiona takataka. Baada ya hapo bei za mtumba zikapaa, mpaka Boss wenyewe wakairudisha 2021 kwa toleo jipya. Na Behringer wanayo HM300, iga ya bei ya chini kabisa, ya plastiki, ambayo kwenye chumba chako na kwenye baa ya mtaani inafanya kazi hiyohiyo. Upande wa pili ipo Klon Centaur, pedali iliyokuwa inatengenezwa na jamaa mmoja Marekani, Bill Finnegan, kuanzia 1994, kwa idadi ndogo, leo mtumba wake unauzwa maelfu ya dola. Maelfu, wakuu, kwa kipedali cha mguu! Iga zake zipo tele na kwenye mchanganyiko wa bendi sijui ni nani wa kuzitofautisha.

Ndio maana nasema panga tamaa zako kwa bei ya tatizo. Noti hazisikiki moja moja, sauti inanguruma hovyo? Jifunze kuzuia nyuzi kwa kiganja, bure. Gitaa linatoka tyuni ukipiga chini ya kawaida? Nyuzi nene na fundi alipange, hela ndogo. Linasikika jembamba? Pikapu, EMG 81 ni kama euro 100 na inabadilisha gitaa la bei rahisi kuliko utakavyoamini. Ukifika hapo na bado una kiu, ndio twende dukani.

Orodha ya ndoto na orodha ya kununua

Gibson Les Paul Standard mpya haishuki euro 2,500. Epiphone, ambayo ni kampuni yao wenyewe, umbo hilohilo, ni kama euro 600 hivi. PRS ya Marekani ya daraja la juu inapita 4,000, za SE zinazotengenezwa Asia zipo zisizofika 1,000. Harley Benton, jina la bidhaa za duka la Thomann la Ujerumani, unapata la umbo hilohilo chini ya 300. Tofauti ipo, sitaki kudanganya: mbao, rangi, freti (vile vyuma vilivyokatisha shingoni) zilizolainishwa mwisho, visukio vya kukazia nyuzi vinavyoshika, na thamani ya kuuza tena, Gibson unaiuza kesho na Harley Benton unampa mdogo wako. Lakini tofauti ya 300 na 600 ni kubwa, ya 600 na 1,000 inasikika, na baada ya hapo unalipa zaidi kwa ajili ya moyo wako. Ambayo ni sababu halali kabisa, hobi ni ya moyo, ila ijue unapoilipa.

Ampu ndio watu wanapotea zaidi. Usinunue ampu ya taa (ile inayokuza sauti kwa vichupa vya kioo) ya wati 100 ya kupigia nyumba ya kupanga Sinza. Ili ikolee inabidi uifungue, na ukiifungua mwenye nyumba anakuja na notisi. Kwa chumbani ampu ndogo ya kidijitali ya wati 20 mpaka 40, au kiboksi cha kuunganisha na hedifoni, ndio mpango, na usiku unapiga saa saba hamna anayejua.

Kanuni yangu ya kusubiri ni mwezi mmoja baada ya tamasha. Wiki ya kwanza utataka kila kitu, masikio yenyewe bado yanalia. Wiki ya pili orodha inapungua. Kitakachobaki mwisho wa mwezi na bado kina sentensi yake kwenye simu, "nakitaka kwa sababu nataka sauti fulani kwenye wimbo fulani ninaoupiga", hicho nunua bila kuomba radhi kwa mtu. Kisicho na wimbo unaoupiga kiache. Kwa aliyetoka nyumbani na anarudi baada ya siku kumi, hana huo mwezi, basi afanye kazi hii kinyume: aandike orodha mwezi mmoja kabla ya kuja, aje nayo, na kilichoongezeka ghafla pale Wacken kisinunuliwe safari hii.

Kununua ukiwa Ujerumani

Thomann wapo Treppendorf, kijiji kingine, karibu na Bamberg, Bavaria. Familia hiyo ilianza 1954 na leo ni kati ya maduka makubwa kabisa ya vyombo vya muziki duniani. Kutoka Hamburg ni safari ya nusu siku na zaidi, kwa hiyo kama huna muda agiza mtandaoni ufikishiwe kwa ndugu unayelala kwake. Wana siku 30 za kurudisha na dhamana ya miaka mitatu, ila dhamana hiyo ukiwa Mwanza ni hadithi, kwa hiyo kikague chote kabla hujapanda ndege. Ukienda dukani mwenyewe, kaa na gitaa angalau nusu saa, lipige bila ampu kwanza usikie linavyotetemeka, pitisha mkono ubavuni mwa shingo kama freti zinakwaruza, piga kila noti kwenye kila uzi usikie kama kuna inayokufa.

Mtumba wa kule ni mzuri sana, watu wananunua, wanachoka, wanauza kama jipya. Kleinanzeigen ndio soko lao la matangazo. Nenda uone kwa macho, lipa mkononi, na anayekuambia tuma kwanza nitaposti, muache aposti peke yake.

Kodi. Bei ya Ujerumani ina VAT ya asilimia 19 ndani yake. Mgeni ambaye makazi yake ni nje ya Umoja wa Ulaya anaweza kurudishiwa, kama risiti inazidi euro 50, mzigo anaondoka nao mwenyewe kabla miezi mitatu haijaisha, na forodha wamegonga muhuri. Kwa kitu cha euro 1,000 kodi iliyomo ni kama euro 160, sio 190, kampuni za kurudisha zinakata na zao. Duka halilazimishwi kushiriki, uliza kabla ya kulipa. Risiti iwe na jina lako wewe msafiri. Mimi ninayeishi huku Ulaya sina haki hiyo hata nikisafiri na gitaa, na ndugu akikununulia kwa jina lake na wewe umeikosa. Airport nenda kwa forodha na gitaa kabla hujakabidhi mzigo, wataomba kuliona na liwe halijatumika. Ukiliingiza ndani na wewe kama mzigo wa mkononi, muhuri unagongwa uwanja wa mwisho wa Ulaya unaotokea.

Kulifikisha nyumbani salama

Umeme hauna shida, Ujerumani ni volti 230 na sisi tuko humohumo, unabadilisha plagi tu ikawa ya miguu mitatu. Cha Marekani cha volti 120 ndio kitakuomba transfoma, au kitaungua.

Mbao. Jamii ya mti wetu wa mpingo, ile Dalbergia, iliwekwa chini ya uangalizi wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini, Januari 2017, na kwa miaka karibu mitatu kuuza nje ya nchi gitaa lenye ubao wa shingo wa rosewood, mbao ya jamii hiyo, kulikuwa na makaratasi. Tangu Novemba 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vimeachiwa, isipokuwa rosewood ya Brazili, hiyo bado ni kesi, kwa hiyo ukikuta gitaa la zamani sana la mtumba uliza mbao yake kwanza.

Ndegeni tumia kasha gumu, legeza nyuzi kidogo tu zisivute shingo, usizitoe zote. Jaza soksi na zile fulana za tamasha pande zote za kichwa cha gitaa, ndipo panapovunjika. Risiti weka kwenye mzigo wa mkononi, forodha wa kwetu watauliza thamani na bila risiti watakukadiria wanavyoona wao. Ukifika usilifungue papo hapo, liache ndani ya kasha masaa kadhaa lizoee joto.

Pwani kuna jambo la ziada, chumvi ya hewani inakula nyuzi na pikapu, Dar na Zanzibar na Mombasa nyuzi za kawaida zinaweza kushika kutu ndani ya wiki chache. Nunua huko huko Ujerumani paketi nne au tano za nyuzi zenye utando kama Elixir, ni nyepesi, na kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga. Arusha na Dodoma shida ni kinyume, ukavu unakausha ubao wa shingo na freti zinatokeza pembeni, mafuta ya limau ya mbao mara mbili kwa mwaka yanatosha. Na mtafute fundi alipange upya baada ya wiki mbili tatu, shingo itakuwa imeshazoea hewa ya kwetu, ukimpelekea mapema utamlipa mara mbili.